Nani Alihesabu Shibe Yetu Kwanza?

Mwaka wa 1995, kule Chuo Kikuu cha Sydney, Australia, mtafiti aitwaye Susanna Holt na wenzake walifanya jambo ambalo mama wa kibanda angeweza kulifanya miaka mingi mapema kama mtu angemuuliza. Walichukua vyakula 38, wakapima kila kimoja kiwe na kalori 240, wakawapa wanafunzi wale. Halafu kila dakika 15, kwa saa mbili, wakawauliza: umeshiba kiasi gani? Mkate mweupe ulipewa alama 100 uwe kipimo cha vingine. Keki ilipata 65. Donati 68. Viazi vya kuchemsha vikapata 323.

Yaani kalori ni zile zile, lakini shibe ya viazi ni mara tatu ya mkate. Na kabla hujafurahi, viazi hivyo hivyo vikikatwa vipande na kutumbukizwa kwa mafuta, vile tunavyokula kila kona ya Nairobi, vilianguka hadi 116.

Mimi si mtu wa lishe. Niliacha chuo mwaka wa pili na sasa naishi kwa kuandika hapa na pale. Nilifika kwa hilo jedwali kwa sababu ya mathe. Mwaka jana alienda kliniki na presha na magoti, akarudi na karatasi moja: apunguze kilo, ale kalori 1,200 kwa siku. Chini yake kulikuwa na orodha. Brokoli, lozi, mtindi usio na mafuta. Mathe anauza sukuma na nyanya sokoni, anasimama kuanzia alfajiri. Aliisoma hiyo karatasi mara mbili akaniuliza, "Na njaa je?" Karatasi haikuwa na jibu, na mimi pia sikuwa nalo. Lakini nilikuwa na muda na bandosi, kwa hivyo nikaanza kuitafuta hiyo 1,200.

Niliikuta Marekani, mwaka wa 1918. Daktari mmoja wa California, Lulu Hunt Peters, aliandika kitabu kidogo cha kupunguza mwili, akawafundisha wasomaji waache kusema kipande cha mkate na waseme kalori 100 za mkate. Anayetaka kukonda alishauriwa asipite 1,200 kwa siku. Vita vya Kwanza vya Dunia vilikuwa vinaendelea, na kunenepa kulianza kuonekana kama kuficha chakula ambacho wengine wanakikosa. Kitabu kikauzwa sana. Sisemi karatasi ya mathe ilinakiliwa kutoka huko moja kwa moja, lakini nambari ni ile ile, miaka mia moja na zaidi baadaye, imeandikiwa mama wa soko la Nairobi.

Peters naye alikuwa ameazima kipimo cha mtu mwingine, na huyo hakuwa na haja ya kumkondesha yeyote. Wilbur Atwater, mwanakemia wa Connecticut, alijenga chumba kilichofungwa kabisa miaka ya 1890. Mtu alikaa ndani siku kadhaa, akala, akalala, akaendesha baiskeli isiyosonga, huku joto la mwili wake likipimwa. Zile hesabu za kalori nne kwa gramu ya protini, nne kwa wanga na tisa kwa mafuta, ambazo programu ya simu yako inatumia hadi leo, zimetoka kwake. Swali lake lilikuwa la mfuko: familia ya kibarua itapata wapi nguvu nyingi kwa pesa kidogo? Na kwa kuwa alikuwa anahesabu nguvu peke yake, mboga za majani alizidharau. Aliona maskini anayenunua majani anapoteza pesa.

Soma hapo tena kama mtoto wa mama mboga.

Huku kwetu, hesabu ya chakula cha kibarua ilikuja na posho. Mahindi yaliletwa pwani na Wareno karne nyingi zilizopita, lakini bara watu waliendelea na mtama, wimbi, mawele, nduma, viazi vikuu, njahi na kunde. Mahindi meupe yalishika nchi baadaye, na mashamba ya walowezi na kazi ya mshahara. Wakati wa Vita vya Kwanza, wapagazi waliochukuliwa kubebea jeshi la Waingereza mizigo walilishwa unga wa mahindi, mara nyingi ukiwa haukuiva vizuri, na tumbo la kuhara likawaua kwa maelfu. Kariokor, pale unaponunua nyama choma, jina lake limetokana na jeshi hilo la wapagazi, Carrier Corps. Baada ya vita posho ilibaki mashambani. Kipimo kilichozoeleka kilikuwa takriban ratili mbili za unga kwa mtu kwa siku. Nimepiga hesabu: hizo ni zaidi ya kalori 3,000, karibu zote kutoka kitu kimoja.

Kwa mwajiri hiyo ni akili. Unga haukai ukaoza kama mboga, unapimwa kwa debe, unapikwa kwa sufuria moja. Kwa mtu anayelima kutoka asubuhi hadi jioni kwa jembe, kalori 3,000 zinaisha. Shida ni kwamba mlima wa ugali ulibaki na ukubwa wake baada ya jembe kuondoka. Mimi nakaa kwa kiti nikiandika, halafu napakua sahani ya mpagazi.

Kuna utafiti mmoja wa hapa Kenya ambao siwezi kuuacha. Kuanzia 1926, John Gilks, mkuu wa tiba wa koloni, na John Boyd Orr, mwanasayansi wa Scotland ambaye baadaye angepata Nobeli ya Amani ya 1949, walilinganisha Wamaasai na Wakikuyu. Ripoti yao ya 1931 ilisema mwanamume Mmaasai alimzidi Mkikuyu kwa inchi tano za urefu na ratili 23 za uzito, na wakasema chanzo ni maziwa, nyama na damu. Wanahistoria wameuliza maswali mazuri kuhusu hao Wakikuyu walipatikana wapi na walikuwa na afya gani kabla ya kupimwa. Mimi kilichonishika ni kitu cha pembeni: wanawake wa Kikuyu hawakuwa nyuma ya wenzao Wamaasai kama wanaume walivyokuwa, na watafiti wakaona kwamba walikula majani ya mboga ambayo wanaume hawakuyajali. Majani yale yale ya Atwater! Managu, terere, sagaa na kunde ziliitwa magugu kwa miaka mingi, mpaka watu kama Profesa Mary Abukutsa-Onyango wa JKUAT wakazifanyia utafiti maisha yao yote ndio zikarudi kwa heshima.

Gramu 100 za sukuma mbichi zina kalori kama 35. Njugu karanga, gramu hizo hizo, zinakaribia 570, na kwa jedwali la Holt zilipata alama 84, chini ya mkate. Ile karatasi ya njugu unayonunua kwa foleni ya magari ukijiambia ni afya, ni chakula kizuri, sikatai, lakini haikushibishi vile unavyodhani.

Lakini kujaza tumbo majani matupu pia si dawa. Mwaka wa 1944, Ancel Keys wa Chuo Kikuu cha Minnesota aliwachukua vijana 36 waliokataa kupigana vita kwa sababu za dhamiri, akawalisha kama kalori 1,570 kwa siku kwa miezi sita: viazi, kabeji, mkate, makaroni. Walitembea maili 22 kwa wiki. Wakaanza kuongeza maji kwa supu ili ionekane nyingi, wakatafuna chingamu siku nzima, wakakusanya vitabu vya mapishi wavisome kitandani. Viazi vilikuwepo, lakini nyama ilikuwa haba na jumla ilikuwa ndogo mno. Na hiyo 1,570 ni juu ya ile ya mathe. Walikuwa wanaume, sawa, lakini mathe naye hauzi mboga akiwa amelala.

Kwa hivyo tulirudi kliniki nyingine, na huko nambari ikapandishwa. Nilienda na jedwali langu, muuguzi akacheka kidogo, akalichukua akalisoma.

Nyumbani kilichobadilika ni mpangilio. Barbara Rolls, mtafiti wa Pennsylvania, alionyesha mwaka wa 1999 kwamba maji yakipikwa ndani ya chakula yanashibisha kuliko glasi ya maji yaliyonywewa pembeni ya chakula kile kile. Supu, kwa lugha ya mathe, ambaye hakuhitaji Pennsylvania kumwambia. Sasa anaanza na bakuli la supu ya mboga na mifupa, mafuta yameenguliwa. Halafu samaki akipatikana (225 kwa Holt), au yai la kuchemsha (150), au maharagwe. Viazi anavichemsha na maganda. Saa kumi, mahali pa mandazi, anakula chungwa (202), au bisi zisizo na mafuta (154), au nusu ya hindi la kuchemsha kutoka kwa jirani yake wa sokoni. Brokoli haijawahi kuingia kwetu.

Githeri haimo kwa vile vyakula 38. Nduma haimo, muthokoi haimo, wala viazi vitamu. Kuna dengu, kuna maharagwe ya mkebe ya 168, basi. Nimekuwa nikimwambia rafiki yangu ambaye bado yuko chuo, anasomea lishe, kwamba hiyo kazi haihitaji maabara kubwa: mizani, sufuria, wanafunzi kumi wenye njaa, na hao chuo hakijawahi kuwakosa. Ameniambia nimwandikie pendekezo la utafiti. Githeri nitaiweka ya kwanza, ile ya bila mafuta, na ya pili iwe ile iliyokaangwa na vitunguu na viazi, tujue tofauti.