Voi: Mji wa reli unaotegemea mbao za milimani

ASUBUHI mjini Voi huanza kwa mngurumo wa malori. Kabla jua halijachomoza juu ya nyika ya Tsavo, matrela yaendayo Nairobi na yale yanayoteremka Mombasa huwa yamekwisha kupishana barabarani, nao wauza chai na mahamri wamekwisha kuwasha majiko. Matatu za kutoka Wundanyi na Mwatate hushusha magunia ya kabeji na maharagwe. Baadaye kidogo husikika misumeno na randa za maseremala, ambao hupanga vitanda, milango na fremu za madirisha kando ya njia kusubiri wanunuzi.

Mpita njia huenda asijiulize mbao hizo hutoka wapi. Nyika inayouzunguka mji ni ya migunga, michongoma na mashamba makubwa ya mkonge. Si pahali pa miti mirefu ya kupasuliwa mbao. Miti hiyo humea juu, katika vilima vya Taita, ambako kilele cha Vuria hufikia mita 2,208 juu ya usawa wa bahari.

Kijito cha reli

Kwa mujibu wa mapokeo, Voi ilipata jina lake kutokana na Kivoi, mfanyabiashara mashuhuri wa Kikamba aliyeongoza misafara kati ya bara na pwani, na ambaye aliuawa mwaka 1851. Hata hivyo, kilichoufanya mji kuwa mji ni reli. Ujenzi wake ulianza Mombasa mwaka 1896, na kufikia Desemba 1897 garimoshi lilikuwa likifika Voi. Mwaka uliofuata, kazi ilitatizwa katika daraja la mto Tsavo, mbele kidogo ya Voi, na simba wawili waliowala wafanyakazi hadi walipopigwa risasi Desemba 1898.

Vita Vikuu vya Kwanza viliuongezea mji umuhimu. Wajerumani waliiteka Taveta Agosti 1914, nao Waingereza wakaanza kujenga tawi la reli kutoka Voi kupitia Mwatate na Maktau ili kusafirisha askari na zana. Baada ya mapigano ya Salaita na Latema mwaka 1916, tawi hilo liliunganishwa na reli ya Wajerumani upande wa Moshi. Makaburi ya wanajeshi yaliyopo Voi, Maktau na Taveta yangali ushahidi wa vita hivyo.

Mwaka 1948 mbuga ya Tsavo ilianzishwa, na Voi ikawa lango kuu la upande wa mashariki. Mwaka 2017 reli mpya ya kisasa ilifunguliwa, ikiwa na kituo chake Voi, na safari za abiria kati ya Mombasa na Nairobi zikahamia huko kutoka reli ya zamani.

Msitu wa aina mbili

Kwa Wadawida, msitu haukuwa ghala la kuni pekee. Sehemu zilizoitwa fighi zilihifadhiwa kwa ibada na matambiko, na ilikuwa mwiko kukata mti humo. Lakini mahitaji ya mashamba, kuni na mbao yalipoongezeka katika karne ya 20, misitu ya asili ilipungua, na mahali pengi pakapandwa misonobari, saipresi na mikaratusi.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Helsinki walilinganisha picha zilizopigwa kutoka angani mwaka 1955 na mwaka 2004. Walibaini kwamba eneo lote lenye misitu lilikuwa limepungua kwa asilimia 2 tu. Hata hivyo, msitu wa asili ulikuwa umepungua kwa nusu. Anayetazama kutoka Voi huona vilima vya kijani vile vile, lakini miti ni mingine.

Tofauti hiyo si ya rangi ya majani. Mabaki ya msitu wa asili, kama Ngangao, Chawia na Mbololo, hunasa ukungu na kuhifadhi maji ya vijito, ukiwemo mto Voi unaoteremka hadi nyikani. Humo pia huishi ndege wasiopatikana kwingineko duniani, akiwemo mkesha wa Taita, ambao idadi yao ni ndogo mno.

Februari 2018 serikali ilipiga marufuku ukataji miti katika misitu ya umma na ya jamii. Julai 2023 Rais William Ruto alitangaza kuondolewa kwa marufuku hayo, akitaja ajira za wapasuaji mbao na maseremala. Hoja hiyo ina uzito katika mji kama Voi, ambako karakana moja hulisha familia kadhaa.

Hata hivyo, ipo haja ya kutenganisha misitu hiyo miwili. Saipresi iliyopandwa ikikatwa, mche mwingine hupandwa mahali pake, na baada ya miaka ipatayo 30 huwa tayari kupasuliwa. Msitu wa Ngangao haukupandwa na mtu, wala hakuna kitalu kinachoweza kuurejesha. Seremala wa Voi anaweza kuendelea na kazi yake bila mti mmoja kutoka huko. Mkulima anayetegemea mto hawezi.