Batli na Kizingiti: Historia ya Istilahi Mbili za Hifadhidata

Istilahi haizuki mahali patupu; hutokana na kazi za watu. Katika makala haya tunakusudia kuchunguza istilahi mbili zinazomkabili kila mfasiri wa miongozo ya kompyuta, na kuonyesha kwamba kuzifasiri vibaya kwaweza kusimamisha kazi ya ofisi nzima.

Istilahi ya kwanza ilitoka baharini. Waingereza hulitaja daftari la matukio kwa neno lao lenye maana ya gogo. Sababu ni kwamba mabaharia wao walikuwa wakitupa majini kipande cha ubao kilichofungwa kamba yenye mafundo, kisha wakahesabu mafundo yaliyopita katika muda uliopimwa kwa chupa ya mchanga. William Bourne aliueleza utaratibu huo katika kitabu chake cha mwaka 1574. Mwendo uliopimwa uliandikwa daftarini, na daftari likarithi jina la gogo. Nasi tunalo neno la mabaharia, batli, lililomo katika kamusi zetu kwa maana ya kumbukumbu za safari ya chombo.

Mwaka 1978 Jim Gray, aliyekuwa katika kampuni ya IBM huko San Jose, California, alieleza kanuni kwamba badiliko liandikwe kwanza katika batli kabla ya data yenyewe kubadilishwa katika diski. Mwaka 1992 C. Mohan na wenzake wa kampuni hiyo waliikamilisha katika utaratibu unaoitwa ARIES. Kwa njia hiyo mashine ikizimika ghafla, batli husomwa, na kazi iliyokatika hurekebishwa.

Mifumo ya Sybase na Microsoft ina hifadhidata ya muda iitwayo tempdb, ambayo huundwa upya kila seva inapowashwa. Mfasiri asidhani kwamba kwa kuwa ni ya muda, batli yake haina kazi. Bado inahitajika ili muamala uliokwama utanguliwe. Sehemu ya batli iliyokwisha kazi hutumiwa tena. Lakini muamala wa zamani kuliko yote ukiachwa wazi, huzuia kila kilichoandikwa baada yake kisifutwe. Mtumishi mmoja akianza muamala akaenda kula, batli yaweza kujaa na wenzake wote wakasimama.

Hapo ndipo inapoingia istilahi ya pili. Mifumo hii huwekewa kiwango ambacho nafasi ikikifikia, tahadhari hutolewa. Neno la Kiingereza ni lile la mti wa chini wa mlango, nasi tunalo: kizingiti. Wako wanaopendelea kikomo. Hatukubaliani nao. Kikomo ni mwisho. Kizingiti ni mahali pa kuvuka, na mbele yake chumba bado kipo. Msimamizi akisoma kwamba kikomo kimefikiwa, ataamini kuwa nafasi imekwisha, hali kuna nafasi ya kuokoa kazi. Tena Sybase ina kizingiti cha mwisho, ambacho kikivukwa miamala husimamishwa au huvunjwa. Mwenye kuviita vyote viwili kikomo atakuwa ameifuta tofauti kati ya onyo na hasara.

Tofauti hiyo ina hesabu yake. Tuchukue batli ya megabaiti 1,000 inayojaa kwa megabaiti 20 kila dakika wakati wa kazi nyingi. Ikiwa msimamizi anahitaji dakika 15 kufika na kuutafuta muamala uliokwama, lazima zibaki megabaiti 300. Basi kizingiti kiwe asilimia 70. Kikiwekwa 95, tahadhari itafika zikiwa zimebaki dakika mbili na nusu. Kikiwekwa 30, italia kila siku bila sababu, na watu wataizoea na kuacha kuisikiliza. Aidha, haifai tahadhari ilie tena kwa kila mpando mdogo. Nafasi irudi kwanza kwa kiasi fulani ndipo onyo liwe tayari upya.

Kwa hiyo tunapendekeza batli kwa daftari la matukio, kizingiti kwa kiwango cha onyo, na kikomo kwa mwisho wa nafasi tu. Pingamizi lipo kwamba kizingiti humaanisha pia kikwazo. Ni kweli, lakini muktadha wa nafasi na tahadhari huondoa utata huo, ilhali hakuna muktadha utakaomwokoa msomaji aliyeambiwa kwamba mwisho umefika kabla haujafika.