Karatasi ya vipimo vya udongo: anza na pH, mbolea baadaye

Wadau, tangu mbolea ipande bei 2021 na 2022, wengi wamekimbilia kupima udongo, jambo zuri kabisa. Tabu inaanza karatasi ikirudi kutoka maabara. Mtu anaruka moja kwa moja kwenye N, P na K, anaona fosforasi ni kidogo, anabeba mifuko ya DAP. Msimu ukiisha mahindi ni yale yale ya mwaka jana na hela imekwenda.

Mstari wa kwanza kusoma ni pH. Chini ya 7 udongo una tindikali, juu ya 7 una magadi. Kumbuka ngazi zake si za kawaida: pH 5 ina tindikali mara kumi kuliko pH 6. Mazao mengi hupenda 5.5 hadi 7. Ikishuka chini ya 5.5, aluminiamu iliyomo ardhini huanza kuyeyuka, mizizi inadumaa, na ile fosforasi unayoweka inanaswa na aluminiamu na chuma kabla mmea haujaionja. Hali hii ni ya kawaida sehemu nyingi za Njombe na Mbozi, na kule Kenya maeneo ya Kakamega na Uasin Gishu. Angalia pia kama pH imepimwa kwa maji au kwa KCl, maana ya KCl husoma chini, mara nyingi kwa nusu hadi moja nzima.

Tuchukue karatasi ya mfano: pH ya maji 4.9, kaboni 2.1%, naitrojeni 0.18%, fosforasi (Bray) 4 mg/kg, potasiamu 0.35, kalsiamu 1.2, magnesiamu 0.3, sodiamu 0.05, CEC 14. Hizo tano za mwisho ni cmol/kg. Karatasi nyingine huandika me/100g, usishtuke, namba ni ile ile.

Kaboni ukiizidisha kwa 1.72 unapata mboji, hapa kama 3.6%. Si mbaya. Naitrojeni iko chini ya 0.2%, kwa hiyo ya kukuzia itahitajika.

Kwenye fosforasi ndipo watu wanapotezana. Lazima ujue njia iliyotumika. Kwa viwango vinavyotumika sana Tanzania, Bray chini ya 7 ni kidogo na juu ya 20 ni nyingi. Kwa Olsen chini ya 5 ni kidogo na juu ya 10 ni nyingi. Maana yake 12 ya Bray ni ya wastani, lakini 12 ya Olsen ni nyingi! Jirani akikutajia namba yake, muulize kwanza ilipimwaje. Hii yetu ya 4 ni kidogo kweli.

Sasa CEC. Hilo ni ghala, yaani uwezo wa udongo kushika virutubisho visisombwe na mvua. Udongo wa kichanga mara nyingi hauvuki 5. Jumlisha potasiamu, kalsiamu, magnesiamu na sodiamu: 1.9. Gawa kwa 14, ni kama 14% tu. Ghala ni kubwa ila karibu tupu, sehemu kubwa imekaliwa na tindikali.

Halafu uwiano. Magnesiamu inatakiwa kuizidi potasiamu, hapa ni kinyume. Ukimwaga potasiamu zaidi unaizuia magnesiamu isiingie kwenye mmea, na majani ya chini yatageuka njano katikati ya mishipa. Ndiyo maana shamba hili linahitaji chokaa ya dolomaiti, ambayo ina kalsiamu na magnesiamu pamoja, siyo chokaa yoyote tu.

Kiasi cha chokaa kitoke maabara au kwa bwana shamba, kwani mfinyanzi hula nyingi kuliko kichanga. Lenga 5.5 hadi 6 basi. Ukipitiliza unaibana zinki na boroni. Ichanganye ardhini wiki kadhaa kabla ya kupanda, na usiichanganye na urea wala DAP, naitrojeni itapaa hewani. Kwa fosforasi, Minjingu inafaa hasa udongo wa tindikali kwa sababu tindikali ndiyo inayoiyeyusha. DAP na urea zenyewe zinazidi kuuchachusha udongo mwaka hadi mwaka. Wa chai msiguse chokaa, chai inapenda 4.5 hadi 5.5.

Yote haya ni bure kama sampuli ilikuwa mbovu. Chimba sentimita 20, sehemu 15 hadi 20 kwa kwenda zigizaga, changanya, peleka nusu kilo. Ruka kichuguu, palipochomwa moto na palipolala ng'ombe. TARI Mlingano kule Tanga wanapima, na Kenya wapo KALRO. Wenye karatasi zenu wekeni namba hapo chini tuzisome pamoja, msisahau kutaja njia ya fosforasi na zao mnalotaka kupanda.