Daftari la Hesabu na Brashi ya Rangi: Historia ya Kozi Mbili na Kosa Langu Moja

Mwaka 2016 nilikuwa likizoni nyumbani Mpanda nilipoletewa kijana aliyekuwa amemaliza kidato cha sita. Alizaliwa Katumba, katika makazi yaliyofunguliwa kwa ajili ya wakimbizi wa Burundi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972. Wazazi wake walikuwa miongoni mwa watu zaidi ya 160,000 waliopewa uraia wa Tanzania mwaka 2014. Kijana alisoma mchepuo wa uchumi, biashara na uhasibu, na alama zake zilikuwa nzuri. Mjomba wake alinisalimu, akaniambia, "Mwalimu, tusaidie. Huyu anataka kusoma kuchora."

Kijana akafungua mkoba, akanionesha picha za kalamu: mama anayeanika tumbaku, behewa la treni, viboko wamelaliana kwenye tope la mto Katuma wakati wa kiangazi. Alikuwa pia ameandika vibao vya saluni mbili mjini. Nilizitazama kwa muda, nikazisifu, kisha nikamwambia kwa upole wa mtu mwenye hakika, "Mwanangu, kuchora utachora jioni. Omba uhasibu." Alinitii. Ndugu msomaji, makala haya ni jaribio langu la kueleza ule uhakika wangu ulitoka wapi, maana sikuuzaa mimi. Niliurithi, na una historia inayofahamika.

Tuanze mbali kidogo. Kitabu cha kwanza kilichopigwa chapa kikieleza kwa utaratibu namna ya kuandika kila muamala mara mbili, upande wa debiti na upande wa krediti, kilitoka Venice mwaka 1494. Mwandishi wake, mtawa Luca Pacioli, hakubuni utaratibu huo. Aliyaandika yale ambayo wafanyabiashara wa Venice walikuwa wakiyafanya tayari. Miaka michache baadaye aliishi Milan pamoja na mchoraji Leonardo da Vinci, na kitabu kingine cha Pacioli, kuhusu uwiano wa maumbo, kilichopigwa chapa mwaka 1509, kina michoro ya Leonardo. Baba wa somo la uhasibu na mchoraji mashuhuri kuliko wote walikaa meza moja, na hakuna aliyemwuliza mwenzake kama kazi yake ina ajira. Mpaka ule niliomwekea kijana wa Katumba haukuwapo tangu asili.

Huku kwetu Afrika Mashariki jambo la kushangaza ni kwamba brashi ndiyo iliyotangulia kuingia chuoni. Mwaka 1937 Margaret Trowell alianza kufundisha sanaa Makerere, na darasa lake likakua hadi kuwa shule kamili ya sanaa ndani ya chuo kile. Mtanganyika Sam Ntiro, mzaliwa wa Kilimanjaro, alisoma pale katika miaka ya 1940, akaendelea London, akarudi kufundisha Makerere. Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961, huyu mchoraji ndiye aliyepelekwa London kuwa mwakilishi wetu wa kwanza. Taifa changa, lenye wasomi wa kuhesabika, halikuona aibu kusema kwamba mtu aliyesomea rangi anaweza kuibeba bendera yake mbele ya mkoloni wa jana.

Uhasibu ulikuja baadaye, na ulikuja kwa haraka ya lazima. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilitaifisha mabenki na makampuni makubwa. Mali ilikuwa ya umma sasa, lakini waliojua kusoma vitabu vyake walikuwa wachache, na wengi wao hawakuwa Watanzania. Ndipo ukaja mwaka 1972, ambao ningependa wanafunzi wangu waukariri. Mwaka huo ilitungwa sheria ya kuanzisha Chuo cha Usimamizi wa Fedha, IFM. Mwaka huo huo iliundwa Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu. Mzumbe kilizaliwa Chuo cha Uongozi wa Maendeleo. Serikali ilianza pia mpango wa Madaraka Mikoani, uliopeleka mipango na fedha mikoani na wilayani, na kila ofisi ya wilaya ikahitaji mtu wa kutunza daftari. Mwaka 1979 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kikapata Kitivo cha Biashara na Menejimenti. Ndani ya kipindi kifupi uhasibu ukawa na chuo, bodi, mitihani ya kitaifa, cheo na mshahara wenye ngazi.

Sanaa nayo ina mwaka 1972 wake. Ndio mwaka ambao Edward Saidi Tingatinga, mtu wa Tunduru aliyekuwa akichora wanyama kwa rangi za baiskeli juu ya vipande vya mbao laini, alipigwa risasi na polisi jijini Dar es Salaam kwa kudhaniwa mhalifu, akafa. Ndio mwaka pia ilipoanza Nyumba ya Sanaa jijini humo, kwa juhudi za mtawa Mmarekani, Jean Pruitt. Tazama tofauti. Mhasibu alitungiwa sheria bungeni. Mchoraji alibaki mikononi mwa ndugu zake, wateja wa kigeni na watu wenye huruma. Sisemi kwamba sanaa ilisahauliwa kabisa: Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilikuwa na idara iliyojumuisha sanaa, muziki na maigizo tangu katikati ya miaka ya 1970, na Chuo cha Sanaa Bagamoyo kilianzishwa mwaka 1981. Lakini hakuna aliyeandika kwamba kila wilaya iwe na mchoraji wake. Hakuna mkutano ulioamua kwamba uchoraji si kazi. Tulikosa tu kuamua kwamba ni kazi, na kwa nchi inayopanga mambo yake kwa ikama, kutotajwa ni hukumu tosha.

Hukumu hiyo ilitufikia Mpanda kwa reli. Mji wetu uliota mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa sababu ya mgodi wa madini ya risasi, na tawi la reli lilijengwa kutoka Kaliua kuja kuyachukua. Mgodi ulifungwa mwaka 1960, reli ikabaki. Wazee waliotulea walikuwa wamewaona wenye kuchimba na wenye kuandika. Wachimbaji walipoondoka, karani aliyejua kuandika alipata kazi stesheni, bomani au kwenye chama cha ushirika cha tumbaku. Somo waliloliona kwa macho yao lilikuwa wazi: madini huisha, daftari haliishi. Baba yangu alikuwa mmoja wa makarani hao, na tulikula kutokana na mwandiko wake. Tulikuwa sehemu ya Tabora, mwaka 1974 tukatiwa Rukwa, mwaka 2012 tukawa Mkoa wa Katavi, na kila mara ramani ilipobadilika zilifunguliwa ofisi mpya zenye chumba cha mhasibu. Sikumbuki ofisi hata moja iliyofunguliwa ikiwa na chumba cha mchoraji, ingawa kila moja ilimhitaji siku ya kwanza, aandike jina lake juu ya mlango.

Hivyo niliposema "omba uhasibu" nilikuwa nasema kwa sauti ya baba yangu, na baba kwa sauti ya mgodi uliofungwa. Tatizo ni kwamba nilikuwa nazungumza mwaka 2016. Upungufu wa wahasibu ulioilazimu nchi kuchukua hatua mwaka 1972 ulikwisha kuwa habari ya zamani. Kijana alimaliza shahada yake mwaka 2019, akazunguka na bahasha kwa karibu miaka mitatu, akiomba nafasi ambazo kila moja iligombewa na wenzake wengi wenye cheti kama chake. Mwishowe alirudi Mpanda, akafungua kibanda karibu na stendi, akarudi kwenye vibao.

Nilimtembelea mwaka jana. "Shikamoo, mwalimu." "Marahaba, mwanangu." Nilikuwa nimejiandaa kuomba radhi, naye akanizuia kwa kunionesha daftari lake. Kila kopo la rangi limeandikwa, kila siku ya kazi ina thamani yake, kila mteja anayedaiwa ana ukurasa. Aliniambia kwamba zamani alikuwa akitoza kibao kwa bei anayoitaja mteja, na kwamba ni uhasibu uliomfundisha kuwa alikuwa akilipa watu ili awachoree. Vikundi viwili vya akina mama wa kuweka na kukopa vinampa vitabu vyao avifunge kila mwezi. Kisha akasema neno ambalo sijalisahau: "Kozi uliyonipa ilikuwa nzuri, mwalimu. Ila ulinipa nusu."

Ile nusu nyingine anaidai hadi leo. Hakufundishwa kuchora mwili wa mtu kwa vipimo, wala kuchanganya rangi isipauke kwa jua la Katavi, wala historia ya Ntiro na Tingatinga, ambao ni wazee wake katika kazi. Anajifunza peke yake kwa simu, usiku. Na wachoraji ninaowajua Dar es Salaam, waliopata hiyo nusu, wengi wanauza kazi bila mkataba na bila daftari. Wanafunzi wa Tingatinga wenyewe waliishia kuunda chama cha ushirika mwaka 1990, na ushirika hauishi bila mtu wa kufunga hesabu. Kila upande unakosa kilicho upande wa pili, kama daftari lenye debiti bila krediti. Mhasibu yeyote atakwambia kwamba daftari la namna hiyo halitalingana.

Sidai kwamba kila mwanafunzi wa uhasibu apewe brashi. Nadai jambo dogo zaidi, linalowezekana hata kabla ya sheria mpya: mwanafunzi wa biashara aruhusiwe kuchukua kozi za uchoraji zikahesabiwa kwenye shahada yake, na mwanafunzi wa sanaa asihitimu bila kujua kufunga hesabu za mwezi. Sera ya elimu ya sasa inazungumza sana juu ya masomo ya amali. Kibanda kile cha stendi ya Mpanda ni amali iliyokamilika, na mwenyewe ameikamilisha bila msaada wetu. Sisi tuliokaa ofisini kuwashauri vijana ndio tunaodaiwa, na deni hilo naliandika hapa kwa jina langu.