Bosi, bazuka na ukuta wa Los Angeles Times

Juzi kijana wa idara ya matangazo alikuja mezani kwangu, akavuta kiti, akauliza kwa upole, "Kaka, hivi ile stori ya wale wateja wetu ni lazima itoke Jumamosi?" Sikumjibu. Usiku nikajikuta nawaza yaliyolikuta gazeti la Los Angeles Times mwaka 1999.

Kwa waandishi wa Marekani, ukuta kati ya chumba cha habari na idara ya biashara ni jambo la tangu enzi. Inasimuliwa kwamba katika jengo la Chicago Tribune, zama za Robert McCormick, waandishi walikuwa na lifti yao na watu wa biashara yao, wasije wakakutana njiani wakaanza kuelewana. (Sisi hapa hata chupa ya chai ni moja.)

Mwaka 1995 Times Mirror, kampuni iliyomiliki Los Angeles Times, ilimpa uongozi Mark Willes kutoka General Mills, watengenezaji wa vyakula vya kifungua kinywa. Mwaka 1997 akashika na ukuu wa gazeti lenyewe. Akasema ukuta ule ataubomoa, hata kwa bazuka ikibidi. Wahariri wa kurasa wakapewa wenzao wa upande wa biashara wa kupanga nao kazi. Niseme ukweli, hapo simlaumu sana. Idara mbili zinazoishi nyumba moja bila kusalimiana haziwezi kulisha gazeti. Mwaka 1999 kiti cha gazeti akamwachia Kathryn Downing, mwanasheria aliyetokea kwenye uchapishaji wa vitabu vya sheria.

Oktoba 10, 1999 likatoka toleo maalum la jarida la gazeti hilo, kurasa 168, kuhusu Staples Center, uwanja mpya wa michezo mjini humo. Matangazo yaliingiza karibu dola milioni 2. Msomaji hakuambiwa kwamba faida ya toleo hilo gazeti lilikubaliana kugawana na uwanja wenyewe.

Sasa sikiliza. Waandishi wa toleo lile hawakuhongwa. Walikwenda, wakahoji, wakaandika kama siku zote. Hawakujua lolote kuhusu mgao. Wenzao wa biashara walijua. Kwa maneno mengine, bazuka haikubomoa ukuta, ilitoboa tundu la kuchungulia, na jicho lilikuwa la upande mmoja tu.

Siri ilipovuja, waandishi na wahariri zaidi ya 300 walitia saini waraka wa kudai maelezo. Downing aliomba radhi mbele yao, akakiri kwamba hakuuelewa vizuri mpaka ule. Otis Chandler, aliyeachia ukuu wa gazeti tangu 1980, alituma ujumbe mkali ukasomwa kwa sauti katikati ya chumba cha habari.

Kinachonivutia zaidi ni kilichofuata. David Shaw, mwandishi wa gazeti hilohilo, alipewa kazi ya kuchunguza nyumba yake mwenyewe. Desemba 20, 1999 ripoti yake ikatoka, kurasa 14. Iliharirwa na mhariri mstaafu, na Downing pamoja na mhariri mkuu Michael Parks hawakuionyeshwa kabla ya kuchapwa. Yaani ili kueleza jinsi ukuta ulivyotobolewa, ilibidi wajenge mwingine ndani ya chumba cha habari, safari hii kumzuia bosi wao.

Machi 2000 Times Mirror ikauzwa, na Willes, Downing na Parks wote wakaondoka mwaka huo. Mnunuzi? Kampuni ya Tribune ya Chicago, wale wa lifti mbili.

Kesho nitamfuata yule kijana kwenye meza yake. Sina nia ya kumgombeza. Nataka aniambie kwanza mkataba wetu na wale wateja umeandikwa nini.