Uzi Usiofanana na Kofia



Katika sanduku letu la nguo hapa Maskati imo kofia ya viua ambayo mama aliishona kwa mkono wakati tukiwa Unguja. Kitambaa chake kilikuwa cheupe, sasa kimegeuka rangi ya samli. Lakini upande mmoja, karibu na ukingo, pana mstari wa uzi mweupe pepepe, urefu wa kidole, unaoonekana hata na mtu aliye mlangoni. Tulipotaka kumpa kijana wetu kofia hiyo aivae siku ya harusi yake, swali likazuka: uzi ule ufumuliwe, ufichwe au uachwe?

Kwanza tuikumbuke kazi yenyewe. Kofia hii ni tabaka mbili za bafta zilizoshikanishwa kwa sindano: duara la juu na ukanda wa kuzunguka kichwa. Mshonaji huchora nakshi, hutoboa vitundu vidogo vidogo, kisha kila kimoja hukizungushia uzi mpaka kikashika. Kofia moja huchukua wiki kadhaa, pengine miezi. Waomani huivaa hiyo hiyo, kwa rangi nyingi zaidi, na wengi wao huihusisha na Zanzibar. Jina lake kwa Kiarabu cha hapa sisi tuliotoka Pwani hatulitamki mbele ya wazee, na kila msomaji anajua kwa nini. Twasema kofia tu, na wauzaji wa soko la Matrah hutuelewa.

Hata kitambaa cheupe kina safari yake. Tarehe 21 Septemba 1833, hapa hapa Maskati, Sayyid Said bin Sultan alifunga mkataba wa biashara na mjumbe wa Marekani, Edmund Roberts, kwa ushuru wa asilimia 5. Meli za Salem, Massachusetts, zikawa zinashusha Unguja nguo za pamba na kupakia pembe za ndovu na sandarusi. Watu wakakiita kitambaa hicho marekani. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya huko, 1861 hadi 1865, vilipoikata bidhaa hiyo, nguo za Uingereza na Bombay zilishika nafasi yake, lakini jina likabaki.

Mwaka huo huo wa 1861 himaya ya Sayyid Said, aliyefariki 1856, iligawanywa rasmi kwa uamuzi wa Lord Canning, mtawala wa Kiingereza wa India. Zanzibar ikawa ya mwanawe Majid, Oman ya mwanawe Thuwaini, na Zanzibar ikatakiwa kuilipa Maskati riale 40,000 kila mwaka. Dola ilifumuliwa, lakini watu waliendelea kuoana, kuazimana na kuandikiana barua.

Mapinduzi ya 12 Januari 1964 yaliua wengi na kuwatawanya wengine. Baada ya Sultan Qaboos kushika utawala tarehe 23 Julai 1970 na kuwaita Waomani wa nje warudi kujenga nchi, familia nyingi zilikuja na masanduku, vyeti vya shule na Kiswahili chao. Sisi tulikuja tungali watoto. Kofia ya baba ilipasuka katika miezi ya mwanzo, na mama akaishona usiku kwa uzi wa poliesta uliobaki kwenye kanzu.

Tulimwuliza, "Mama, tuufumue?"

"Mie nilishona isizidi kupasuka, mwanangu. Baba yenu alikuwa na kazi asubuhi."

Jibu hilo lilituonyesha pa kutazama. Sisi tuliosomea uhandisi Uingereza tulifunzwa kuwa ni heri fyuzi iungue kuliko nyumba. Uzi wa kiraka nao uwe dhaifu kidogo kuliko kitambaa. Poliesta ina nguvu kuliko bafta ya miaka hamsini: ikivutwa haikatiki, hukata kitambaa. Kwa kioo cha kukuzia tuliona matundu ya sindano yameanza kupanuka. Basi ubaya wa uzi ule haukuwa rangi yake. Na kuupaka chai kusingesaidia, kwani pamba hunywa rangi ya chai, poliesta haiinywi.

Tulikata mshono mmoja mmoja kwa upande wa ndani, bila kuvuta. Tukaweka nyuma kipande cha bafta kuukuu, tukashona kwa uzi wa pamba uliolowekwa katika chai ya rangi, ukasuuzwa na kukaushwa kabisa kabla ya kulinganishwa na kofia mchana, maana rangi hupungua ukikauka. Mishono mitatu ya mwisho, pale ambapo kitambaa ni kizima na hakivutwi, tuliiacha kama mama alivyoitia.

Wapo miongoni mwetu wanaowaambia watoto kwamba sisi ni Waomani tu, na wapo wanaosema sisi ni Wazanzibari tu. Wote wanaficha mshono. Kijana wetu aliiona ile mitatu, akauliza, na usiku ule alikaa na bibi yake mpaka saa sita.

Wasomaji wenye kofia, mifarishi au kanga za zamani, tunawaomba: kabla hamjafumua, ulizeni, maadamu aliyeshona bado yupo.