Wapinzani Waliotoka Nyumba Moja

Kijana atakaye kununua kompyuta ya kuchezea michezo hukutana na ubishi kabla hajakutana na kompyuta yenyewe. Je, prosesa iwe ya Intel au ya AMD? Kadi ya michoro iwe ya Nvidia au ya mpinzani wake? Wenzake wamekwisha kumwonya. Mmoja amemwambia kwamba AMD huwaka joto kama jiko la makaa. Mwingine ameapa kwamba anunuaye Intel hulipia jina tu. Maneno haya hupokezanwa kama hekaya, na kama zilivyo hekaya nyingi, yana chembe ya kweli iliyotoka katika mwaka fulani uliokwisha pita. Nataka kukuonyesha, msomaji, mwaka huo ni upi, maana majina haya yamedumu muda mrefu, ilhali ubora ulio chini yake umehama mara nyingi kutoka upande huu hadi upande ule.

Prosesa ni sehemu ya kompyuta ifanyayo hesabu na kutoa amri. Kadi ya michoro ni mtumishi wake aliye stadi wa kazi moja: huchora picha za mchezo, mara 60 na zaidi katika kila sekunde, ili jicho lione mwendo usiokatika. Vyote viwili hujengwa kwa transista, yaani swichi ndogo mno zilizochongwa katika silikoni.

Intel iliasisiwa California mwaka 1968 na Robert Noyce na Gordon Moore, wanasayansi wawili waliotoka katika kampuni iliyoitwa Fairchild Semiconductor. Haukupita mwaka mzima, na mwezi wa Mei 1969 Jerry Sanders, aliyekuwa mtu wa mauzo katika Fairchild hiyo hiyo, alitoka na wenzake saba wakaanzisha AMD. Basi wapinzani hawa ni watoto wa nyumba moja. Intel ilivumbua, mwaka 1971 ilitoa prosesa iliyoitwa 4004, yenye transista 2,300. AMD, kwa miaka yake mingi ya mwanzo, iliishi zaidi kwa kutengeneza vitu vilivyobuniwa na wengine.

Mwaka 1981 kampuni kubwa ya IBM ilitoa kompyuta ya mezani iliyokuja kuigwa na dunia nzima, na ndani yake iliweka prosesa ya Intel iliyoitwa 8088. Lakini IBM haikupenda kumtegemea muuzaji mmoja. Kiwanda kimoja kikiungua, au bei ikipandishwa bila huruma, mnunuzi atakwenda wapi? Kwa hiyo ilitaka awepo mtengenezaji wa pili wa prosesa hizo, na mwaka 1982 Intel na AMD zilitia saini mkataba wa kubadilishana maarifa. Uchaguzi ulio nao wewe leo dukani haukuletwa na ukarimu wa mtengenezaji yeyote. Uliletwa na mnunuzi mkubwa aliyekuwa na hofu, naye alikuwa na nguvu ya kuifanya hofu yake isikilizwe.

Mapatano hayo hayakukaa. Intel ilipotoa prosesa ya 386 mwaka 1985, ilikataa kuwapa AMD michoro yake. AMD ilipeleka shauri mbele ya msuluhishi mwaka 1987, na huku shauri likiendelea, mafundi wake walijifunza kuijenga 386 yao wenyewe bila kuonyeshwa. Waliitoa mwaka 1991, nayo ilikwenda kwa kasi ya megahezi 40, ilhali ya Intel iliishia 33. Msuluhishi aliamua kwa upande wa AMD mwaka 1992, Mahakama ya Juu ya California ikaithibitisha hukumu hiyo mwishoni mwa 1994, na mapema mwaka 1995 wapinzani walipatana.

Katika mwaka huo wa 1991 mahakama ilisema pia kwamba namba 386 si alama ya biashara, na kwamba mtu yeyote aweza kuitumia. Intel ilijifunza haraka. Prosesa yake iliyotoka mwaka 1993 haikuitwa 586, kama wengi walivyotazamia, bali Pentium, jina ambalo jirani hawezi kuliazima. Ilikuwa imekwisha kuanza pia kubandika nembo yake juu ya mashine za watengenezaji wengine, ili mnunuzi alitafute jina hilo hata kama hajui prosesa ni kitu gani. Ubishi wa vijana wetu juu ya majina ulipandwa hapo, na nadhani hakuna mbegu ya biashara iliyoota vizuri kuliko hiyo.

Zikaja zamu za kupokezana. Mwezi wa Machi 2000 AMD, kwa prosesa yake ya Athlon, ilifika gigahezi 1 siku mbili kabla ya Intel. Mwaka 2003 ilitoa prosesa za kompyuta za kawaida zenye uwezo wa biti 64, ambazo bado ziliendesha programu za zamani bila taabu. Mwaka uliofuata Intel, mwenye nyumba, ilimfuata mpangaji wake katika njia hiyo. Pentium 4 ya Intel wakati huo ilikuwa ikikimbizwa kwa kasi kubwa mno, na joto likawa adui yake, hata toleo la gigahezi 4 likafutwa mwaka 2004 kabla ya kuuzwa. Ungaliuliza wakati ule ni nani awakaye kama jiko la makaa, jibu lingalikuwa Intel.

Juu ya ubora huo AMD haikuuza ipasavyo, na sababu moja ilielezwa na Tume ya Ulaya mwaka 2009. Tume ilisema kwamba Intel iliwapunguzia bei watengenezaji wakubwa wa kompyuta kwa sharti la kununua prosesa zote, au karibu zote, kwake. Iliitoza faini ya yuro bilioni 1.06. Mahakama iliifuta faini hiyo mwaka 2022, na mwaka 2023 Tume ikatoza nyingine iliyo ndogo zaidi kwa sehemu tu ya mashtaka. Hata hivyo Intel ilikuwa imekwisha kuilipa AMD dola bilioni 1.25 mwaka huo huo wa 2009 ili kumaliza kesi zilizokuwa kati yao.

Lakini lingekuwa kosa kudhani kwamba AMD iliangushwa na hila peke yake. Mwaka 2006 Intel ilitoa Core 2, iliyokuzwa na mafundi wake wa Israeli kutoka katika ukoo wa prosesa za kompyuta za kubeba, nayo ilikuwa bora bila shaka. AMD ilijibu mwaka 2011 kwa Bulldozer, prosesa iliyokula umeme mwingi na kufanya kazi kidogo. Mrithi wake wa 2013, FX-9590, alihesabiwa wati 220. Hapo, msomaji, ndipo hekaya ya jiko la makaa ilipohamia upande wa AMD. Mwaka 2015 hisa yake moja ilishuka chini ya dola 2.

Sasa tazama mwenye nguvu alifanya nini alipobaki karibu peke yake. Mnunuzi wa kawaida wa Intel aliweza kupata prosesa ya viini 4 mwaka 2007, na alipofika dukani mapema mwaka 2017, akiwa na fedha za kununua iliyo bora katika daraja lake, bado alipewa viini 4. Miaka kumi ilipita. Aliyetaka viini 8 ilimpasa kulipa zaidi ya dola 1,000. Mwezi wa Machi 2017 AMD, ikiongozwa na Lisa Su tangu 2014, ilitoa Ryzen yenye viini 8, na ile ya juu kabisa iliuzwa dola 499. Mwezi wa Oktoba mwaka huo huo Intel ikatoa prosesa ya daraja la kawaida yenye viini 6. Sidhani kwamba mafundi wa Intel waliota viini viwili zaidi kwa ghafula kati ya Machi na Oktoba. Mashine hubuniwa kwa miaka. Bali yale yaliyokuwa yakiuzwa kwa matajiri yaligunduliwa kuwa yanafaa kwa watu wote.

Upande wa kadi za michoro habari ni fupi zaidi, ingawa ina vifo vingi. Mfalme wa mwaka 1996 aliitwa 3dfx, na kadi yake ya Voodoo ilikuwa tamaa ya kila mcheza michezo. Mwishoni mwa mwaka 2000 mali zake zilinunuliwa na Nvidia. Nvidia yenyewe, iliyoanzishwa mwaka 1993 na Jensen Huang na wenzake wawili, ilikuwa imeponea chupuchupu: kadi yake ya kwanza ilijenga maumbo kwa njia ya mipindo, ilhali dunia iliamua kutumia pembetatu. Mpinzani wake aliyesalia alikuwa ATI ya Kanada, ambayo AMD iliinunua mwaka 2006 kwa dola bilioni 5.4, deni lililoilemea sana. Na hapa pia pana habari ya nyumba moja, maana Lisa Su na Jensen Huang, wote wazaliwa wa Taiwan, ni jamaa wa mbali.

Mwaka 2012 watafiti wa Toronto walitumia kadi mbili za Nvidia za michezo kuifundisha kompyuta kutambua picha. Tangu hapo kadi hizi zimekuwa farasi wa akili bandia, na mcheza michezo aliyeilea Nvidia amekuwa mteja mdogo mbele ya wenye majumba makubwa ya kompyuta. Kadi ya GTX 1080 ilitoka mwaka 2016 kwa dola 599. RTX 4080, ya cheo hicho hicho, ilitoka mwaka 2022 kwa dola 1,199. Kwa bei za namna hiyo, si ajabu kwamba Intel nayo imeingia katika uwanja huu, na mwishoni mwa 2024 ilitoa kadi ya dola 249 kwa ajili ya mnunuzi aliyesahauliwa.

Basi utafanyaje mbele ya meza ya muuzaji? Yumkini wewe utanunua mashine iliyokwisha kutumika ng'ambo, kama wafanyavyo wengi Nairobi na Mombasa, na muuzaji atakusifia kwamba ndani mna Core i7. Mwombe namba nzima. Core i7-2600 ni ya mwaka 2011. Core i3-10100, ambayo jina lake lasikika duni, ni ya 2020, ina viini 4 vilevile, na yaishinda ile i7 kwa kazi. Akikuambia AMD ina joto, mwambie kwamba mwaka 2023 prosesa iliyosifiwa kuliko zote kwa michezo, Ryzen 7 7800X3D, ilihesabiwa wati 120, ilhali Core i9-14900K ya mwaka huo iliruhusiwa kufika 253. Ukiletewa prosesa kubwa za Intel za kizazi cha 13 au cha 14, ujue kwamba mwaka 2024 kampuni ilikiri kuwa baadhi yake ziliharibiwa na nguvu ya umeme iliyozidi, ikaziongezea dhamana ya miaka miwili. Uliza kama dhamana hiyo yahamia kwako. Na fedha zikiwa haba, weka sehemu kubwa katika kadi ya michoro, kwa kuwa michezo mingi huielemea hiyo kabla ya prosesa.

Mwezi wa Septemba 2025 Nvidia ilitangaza kwamba itatia dola bilioni 5 katika hisa za Intel, na kwamba kampuni hizo mbili zitajenga pamoja prosesa za Intel zenye michoro ya Nvidia ndani yake. Vijana waliogombana shuleni kwa miaka mingi, huyu akiitetea Nvidia na yule Intel, sasa itawabidi watafute ugomvi mwingine.